Irembo la Kanama

Gad alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Ijumaa jioni, Ntwali alipomwambia kwamba kesho yake mjomba wake Rutagengwa angepanda Kanama, kwa wazazi wa Uwimpuhwe, binti aliyempenda, kushika irembo, Gad alicheka akampiga begani.

"Sha, irembo haikimbie. Samaki njo inakimbia. Kesho twende ziwani, tulale kwa hema. Mujomba ataenda semaine ijayo. Ao unataka kubakia nyumbani unakula makucha?"

Kushika irembo si mahari wala si harusi. Ni wazee kwenda kwa kina binti na kusema: lango hili tumelifikia sisi. Mwingine akija baadaye, hata na ng'ombe mia, ataambiwa amechelewa. Hilo Gisenyi nzima inalijua, na Ntwali alilijua. Lakini Gad alikuwa rafiki yake tangu wakioga uchi pale ufukweni, na maneno ya rafiki hayachambuliwi kama maharage. Akampigia mjomba simu, akamwambia asubiri.

Jumamosi wakapiga makasia kuelekea kusini, watatu katika mtumbwi mmoja: Gad mbele, mwenzao Byiringiro katikati, Ntwali nyuma akiongoza. Wakapiga hema kwenye ghuba isiyo na nyumba wala mtandao wa simu. Tilapia walishika ndoana vizuri, wakawachoma pamoja na ndizi. Ntwali alijaa furaha, maskini wa Mungu. Alimsimulia Gad jinsi Uwimpuhwe anavyoziba mdomo akicheka, jinsi wawili hao watakavyopanga nyumba yao. Gad aligeuza samaki motoni akisema "eeh", kisha "eeh" tena. Leo ukimwuliza Ntwali kinachomchoma zaidi, huenda atakutajia zile "eeh".

Jumapili asubuhi walikuwa wakikunja hema wakati mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, ya wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa hilo, ilipopita karibu ikirudi mjini. Mmoja wa wavuvi alikuwa Kagabo, binamu yake Uwimpuhwe. Aliinua mkono.

"Muramu! Mwaramutse, muramu wangu!"

Muramu ndiye shemeji. Ntwali alicheka mpaka jino la mwisho. Kumbe mjomba hakuvumilia, akawaza, amekwenda hivyo hivyo! Akaingia majini hadi magotini na kupunga mikono yote miwili.

"Eeh, muramu! Habari ya kazi?"

Kagabo akakunja uso. "Hapana, si we. Nasalimia Gad. Bazee bake balikuja jana kushika irembo. Tulikunywa urwagwa, kisha mi nikashuka kwa kazi."

Wavuvi wakapita. Byiringiro akainama kufunga gunia ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa, na Ntwali akajua kwamba huyo naye alijua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kinaweza kukuchomea samaki. Ntwali akatoka majini, akamgeukia Gad.

"Lakini jana ulikuwa hapa na mimi, Gad."

"Mutu hashike irembo yeye mwenyewe. Ni bazee."

"Na Uwimpuhwe? Alisema nini?"

Gad angejibu kwamba binti amempenda yeye, ingeuma, lakini ingeisha. Wanawake huchagua, na aliyeachwa hujifuta vumbi. Gad hakusema hivyo. Alitazama maji, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akasema kweli.

"Alisema anakungojea we. Bazee bako bakifika mbele ya bangu, mi hanitake. Bon, njo maana nilikuleta huku."

Ntwali alitaka kumpiga. Lakini wangerudije? Mtumbwi ulikuwa mmoja, na kwa miguu hakukuwa na njia. Wakapakia hema na vyungu, wakaingia kila mtu mahali pake. Mbele mgongo wa Gad ukawa unainama na kuinuka, na nyuma Ntwali akashika kasia la kuongozea, akampeleka bwana harusi nyumbani.