Mkono wa Shangazi Ndani ya Kompyuta

Siku ya mwisho kati ya tisini tulizopewa, Bwana Sabuni alifika kabla yetu. Tulimkuta ndani ya chumba chetu, chumba namba nne, amepiga magoti sakafuni na chaki mkononi, anachora duara.

"Hapa pipa la kwanza," alisema bila hata kusalimia. "Pale la pili. Hii meza yenu mnaihamisha saa ngapi?"

"Tukishakuhamisha wewe," nikamjibu.

"We Mlingoti, heshima!" shangazi akanikemea, huku mwenyewe anamruka Bwana Sabuni kama mtu anayeruka dimbwi.

Kituo cha wabunifu cha mkoa ni jengo refu la bati. Zamani lilikuwa ghala la mbolea, na jua likiwaka sana linakukumbusha. Serikali ya mkoa ililisafisha, ikaweka umeme usiokatika ila mara mbili tatu kwa wiki, ikaweka mtandao, na vyumba sita vyenye mashine ambazo mtu wa kawaida hazinunui hata auze figo zake pamoja na za jirani. Ukipata chumba unakaa bure siku tisini. Siku ya tisini inakuja kamati, nawe unaonyesha kazi "inayoonekana na inayowafaa wengine mkoani". Ukifaulu, chumba ni chako mwaka mzima. Ukishindwa, anaingia anayefuata kwenye orodha.

Anayefuata alikuwa Bwana Sabuni, mtengeneza sabuni za maji. Tangu siku ya kumi alikuwa anakuja kila asubuhi na futi yake ya chuma, ile ya kuvuta na kujirudisha yenyewe, anapima chumba na sisi tumo ndani. Siku moja alinipima na mimi, akidhani ni nguzo.

Shangazi yangu ni fundi wa nguo. Miaka thelathini ameshonea kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, yeye na cherehani yake na mwavuli wa kujikinga na mvua, na wateja wanaokuja kuuliza misumari. Kila ofisi mkoani ilipotaka sare, kazi ilipelekwa kiwandani, mikoa mitatu kutoka hapa, kwa kuwa hakuna fundi wa barazani anayeweza kukata ovaroli ishirini na nne kwa wiki moja. Mashine ya chumba namba nne inazikata kwa asubuhi moja. Unaiandikia vipimo kwenye kompyuta, unaitandikia kitambaa, na kisu kidogo kinaanza kukimbia juu ya meza kama panya aliyesikia anatajwa. Siku ilipoletwa ilikuwa imefunikwa shuka jeupe na watu sita wanaisindikiza, wawili wakiwa hawana kazi yoyote ila kusindikiza. Tukaiita Bibi Harusi.

Siku ya themanini shangazi akapata kazi yenyewe: ovaroli ishirini na nne za mafundi wa maji wa mkoa. Hizo ndizo tungeionyesha kamati. Zikiharibika, yeye anarudi barazani kwenye misumari, na sare zinarudi kule kiwandani.

Sasa, shangazi hapimi kwa utepe. "Utepe ukizeeka unanyooka," husema, "unakudanganya mchana kweupe. Mkono wangu haujawahi kunidanganya." Anapima kwa shibiri. Anakunjua kiganja mpaka mwisho, kidole gumba huku, kidole kidogo kule, anatembea juu ya mteja kama kiwavi juu ya jani. Mafundi wa maji walijipanga, akatembea juu yao wote, mimi naandika daftarini kila alichosema. Fundi Bomba: kifua shibiri sita, mguu shibiri sita na vidole viwili. Fundi Koki: kiuno shibiri nne na nusu, anatekenyeka.

Kesho yake kituo kikamwita shangazi kwenye semina ya siku tatu ya kujifunza namna ya kuanza biashara. Mtu wa miaka thelathini kazini! Alikwenda kwa adabu zake, na kila jioni akarudi na kalamu mpya.

Kwa hiyo nikabaki mimi na Bibi Harusi.

Kompyuta haijui shibiri, inajua sentimita. Nami hesabu nilifaulu, tafadhali, vyeti ninavyo. Nikaweka kiganja changu juu ya rula, nikakikunjua mpaka mwisho: sentimita ishirini na tatu. Nikazidisha shibiri zote za daftari. Nikahakiki. Nikazidisha tena kwa raha zangu tu. Bibi Harusi akakata, nami nikavigawa vipande kwa mafundi wanne wa mtaani kwetu wakashone, kila mmoja ovaroli sita. Zikarudi zimekunjwa vizuri na kufungwa kwenye karatasi, jioni ya siku ya themanini na tisa. Hakuna aliyesema neno.

Basi, siku yenyewe. Saa tatu na nusu kamati iliingia, watu watatu, mbele yao Mama Mwenyekiti na faili lake. Mama huyu husemwa hajacheka tangu ateuliwe. Mafundi wetu wanne wa mtaani nao walikuwa wamekuja, wamevaa vizuri, kuona kazi yao ikisifiwa. Na mafundi wa maji sita walikuja kujaribu nguo, wakiongozwa na Fundi Bomba, mwanamume wa mwili wa kawaida kabisa, kumbuka hilo.

Fundi Bomba akaingia nyuma ya pazia. Tukasubiri. Kwanza ilitoka ovaroli. Fundi Bomba alitoka baadaye kidogo, akiwa bado ndani yake.

Mikono ilikuwa inaning'inia kama ya mtu aliyeyeyuka. Miguu ilikuwa imelala sakafuni mikunjo mikunjo.

"Shangazi," alisema kwa upole, "mwenzangu mwingine anaingia lini?"

"Naingia sasa hivi!" Fundi Koki akasema, maana huyo hajui kukaa na mzaha bila kuutumia. Akajipenyeza humo humo, akavuta zipu mpaka juu. Wakasimama mbele ya kamati vichwa viwili, ovaroli moja, na bado ungeweza kuingiza mkoba.

Wenzao walicheka mpaka wakashikana. Kisha Fundi Koki akajaribu kushusha zipu, na zipu ikakataa.

"Acha utani," Fundi Bomba akamnong'oneza.

"Si utani. Imeng'ata."

Bwana Sabuni akajipangusa chaki magotini. "Basi nikalete mapipa," akasema. Mama Mwenyekiti akafungua faili.

Shangazi akausogelea mzigo wa nguo. Alifungua ovaroli ya pili, akaifungua ya tatu, akaziacha zianguke. Mtu ambaye hunitania kuanzia chai ya asubuhi, leo ananikazia macho tu.

"Nani amekata hivi?" akauliza.

"Bibi Harusi."

"Bibi Harusi aliambiwa na nani?"

"Na wewe, shangazi. Kifua shibiri sita. Nimeandika vilevile ulivyosema!"

"Shibiri ya nani?"

Nikainua mkono wangu. Mikono yangu, niseme ukweli, ni ya kipa. Shangazi akainua wake, akaubandika kwenye wangu, kiganja kwa kiganja. Vidole vyake viliishia pale ambapo vyangu vinaanza kuchangamka.

Chumba kizima kiliona. Hata Bibi Harusi, nadhani.

"Mungu wangu," shangazi akasema. "Umewapima watu wazima kwa koleo."

Kisha akawageukia mafundi wanne. "Na nyinyi mmeshona! Macho mlikuwa mmeyaazima wapi?"

"Mimi nilidhani mafundi wa maji wanakula vizuri," akasema Fundi Miwani. "Nikaona si adabu kuuliza."

"Mimi napima kwa kamba yangu yenye mafundo," akasema Mama Pindo. "Nikaona kamba inaisha kabla ya nguo. Nikadhani imeingia maji, imejikunja. Nikaianika!"

Mama Mwenyekiti alikuwa ameshashika kalamu. Shangazi akasogea mbele yake, mdogo, wima, mikono kifuani.

"Mheshimiwa, nipe muda kidogo tu."

Mama Mwenyekiti akatazama saa yake. "Kamati inakunywa chai saa nne kamili."

Dakika ishirini. Nikairukia rula, na rula haipo. Kumbe Bwana Sabuni alikuwa ameshaifungasha kwenye boksi la vitu vyetu, amelifunga kwa gundi na kuliandika "VYA ZAMANI". Nikageuka, nikampokonya futi ya chuma kiunoni, nikaivuta juu ya kiganja cha shangazi.

"We!" akapiga kelele Bwana Sabuni. "We mtoto, unafanya nini?"

"Naazima!"

"Sisemi kuazima! Hapo umeanzia kwenye mbili! Anzia mwanzo! Na mkono umeukunja, uunyooshe, mama, kidole gumba nje. Lete hapa, mnaniumiza macho."

Akapiga magoti mwenyewe, akafumba jicho moja. Binadamu yule anaweza kukufukuza chumbani, lakini hawezi kukuacha upime vibaya.

"Kumi na saba na nusu," akatangaza. "Andika."

Nikaandika. Mahali pa ishirini na tatu nikaweka kumi na saba na nusu, na vipimo vyote vya daftari vikanywea kwenye kioo cha kompyuta kimoja baada ya kingine, kama watu wanaoona baba mwenye nyumba anakuja. Nikatandika kipande cha kitambaa kilichobaki. Bibi Harusi akakimbia. Shangazi akawa anadaka vipande kabla havijapoa, Mama Pindo anaunganisha mabega kwa pini, Fundi Miwani miguu, na fundi wa maji mmoja amesimama katikati mikono juu kama aliyekamatwa, anaomba asichomwe.

Saa nne kasoro dakika tano walimwachia. Akapiga hatua. Akachuchumaa. Akainuka. Ovaroli ilimkaa kama aliyezaliwa nayo.

Wenzake wakapiga makofi. Lakini Mama Pindo hakupiga. Alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, kamba yake yenye mafundo mkononi, anatazama ule mstari mmoja nilioubadilisha.

"Subiri kwanza, Mlingoti. Humo umeingiza mkono wa shangazi?"

"Ndiyo."

"Ukiingiza na kamba yangu, mimi nikakutumia mafundo yangu kwa simu nikiwa palepale dukani kwangu, hiyo itanikatia mimi, kwa kipimo changu?"

Nikausoma ule mstari tena.

"Itakata," nikasema.

"Basi pima!" Akanitupia kamba.

Hapo ndipo palipochafuka. Fundi Miwani anapima kwa dhiraa, akakunja mkono, akaweka kiwiko juu ya meza ya Bibi Harusi. Fundi wa tatu anatumia shibiri lakini kidole gumba chake kilikatwa ncha tangu utotoni, "kwa hiyo shibiri yangu ina punguzo," akasema. Fundi wa nne anapima kwa ubao wa dirisha aliourithi, akatoka mbio kwenda kuufuata. Bwana Sabuni amekaa katikati na futi yake, jasho linamtoka, anawapanga foleni: "Mmoja mmoja! Nimesema kiwiko kwenye sifuri! Nani kakohoa?" Nami naandika: mkono wa shangazi, kamba ya Mama Pindo, dhiraa ya Miwani.

"Mafundi wangapi mkoani wanapima hivi?" Mama Mwenyekiti akauliza. Saa nne ilikuwa imepita. Kwenye chai hakuwa amekwenda.

"Mheshimiwa," shangazi akasema, "uliza wangapi hawapimi hivi, utamaliza kuhesabu mapema. Sisi tulikuwa hatushindwi kushona. Tulikuwa tunashindwa kukata nyingi kwa pamoja. Sasa kila mmoja abaki kwenye baraza lake na mkono wake. Sare zije mia mbili, tunagawana."

Mama Mwenyekiti akapekua fomu. "Kuna sehemu hapa imeandikwa: ubunifu wenyewe ni upi. Nijaze nini?"

"Jaza mikono," shangazi akasema.

Mama Mwenyekiti akatafuta pa kuandikia. Meza zote zilikuwa na vitambaa na viwiko vya watu. Fundi Bomba na Fundi Koki, bado wamo kwenye ovaroli moja, wakasogea kwa miguu yao minne, wakainama. "Andikia hapa, mheshimiwa. Tuko imara."

Mama Mwenyekiti akaweka fomu juu ya mgongo wao. Akaandika: mikono. Akaandika: mwaka mmoja, kwa sharti kwamba fundi yeyote wa mkoa huu akileta mkono wake, upimwe na uingizwe bure. Akaanza kutia sahihi, na kumbe upande ule ulikuwa wa Fundi Koki.

Daftari lilikuwa limeshasema: anatekenyeka.

Fundi Koki akajinyonga, akalia kama birika, akamvuta Fundi Bomba, wakaenda wote wawili chini, katikati kabisa ya duara la chaki la pipa la kwanza. Sahihi ya Mama Mwenyekiti ikaanzia juu ya fomu, ikashuka pembeni, ikatoka nje, ikaishia begani kwa ovaroli. Mama wa watu akatazama kalamu yake. Akatazama miguu minne inayopiga hewa. Bega lake moja likatikisika, likafuata la pili, kisha akacheka kwa sauti ambayo nadhani hata yeye ilimshtua, mpaka faili likamdondoka.

Shangazi alinishika mkono, ule wa kipa, akaubana kwa nguvu zote za sentimita zake kumi na saba na nusu. Nikajua hatarudi kwenye misumari.

"Na mimi je?" Bwana Sabuni akauliza, bado amekaa sakafuni.

Mama Mwenyekiti akajifuta machozi. "Chumba namba tano siku zao tisini zinaisha wiki ijayo."

Hakungoja hata tumshukuru. Akaichukua futi yake, akaokota chaki, akatoka. Hazikupita dakika mbili tukaisikia, upande wa pili wa ukuta, futi ikivutwa, na sauti ya mtu asiyemjua ikiuliza, "Samahani, wewe nani?"

"Hii meza yenu," sauti ya Bwana Sabuni ikajibu, "mnaihamisha saa ngapi?"