Komeo la Ndani

Dukani dada yangu alisema uongo, nami nikatikisa kichwa kuunga mkono.

"Ni ya kutundikia mapazia," alimwambia muuzaji. "Kwenye mbao tu. Kazi ndogo ndogo za nyumbani."

Muuzaji alikuwa na subira. Aliweka drili mbili za betri juu ya kaunta, akatueleza kwamba hii nyepesi inazunguka tu, ni ya mbao. Ile nzito inazunguka huku inagonga, ndiyo itobolayo zege. Dada alipoinyanyua ile nzito, mkono wake wenye bendeji ulilemewa, akauficha upesi ndani ya mtandio.

"Kwa mapazia usijitese, mama. Chukua nyepesi."

Nilitaka kusema. Hatukuwa na pazia wala fimbo ya pazia. Tulitaka komeo la ndani kwenye mlango wa chumba chake, kwa sababu mwanawe wa kumzaa alikuwa akiingia humo na kuchukua anachotaka, na safari ya mwisho alimkuta mama yake ameukumbatia mkoba. Lakini kwetu ya ndani hayatoki nje. Tumelelewa hivyo na nadhani tutazikwa hivyo. Mficha uchi hazai, wanasema. Sisi tulishazaa, sasa tunaficha tulichokizaa.

Nyumbani tuliona matunda ya uongo wetu. Mwimo wa mlango ulikuwa umepasuka pale kijana alipoupiga teke, kwa hiyo tuliamua kutoboa ukuta wenyewe pembeni yake. Drili ilikula plasta vizuri, ikafika kwenye zege, ikalia mpaka ikanuka kuungua. Dada akabadilisha mkono, nikampokea, tukahangaika hivyo mpaka jasho likatutoka.

Hatukumsikia kijana akiingia. Mtaa mzima unamwita Fundi, maana ndiye aliyekuwa akiwafungia watu milango na vitasa kabla dawa za kulevya hazijamla.

"Mnafanya nini, Mamdogo?"

"Pazia," nilijibu, mjinga mimi, na komeo liko kitandani.

Aliliangalia komeo, kisha mkono wa mama yake. Nikaishika nyundo, na wallahi ningeitumia. Yeye akanyoosha mkono akaichukua drili kwangu, taratibu.

"Huu ukuta ni zege, mtaua mashine. Nani kawauzia hii?"

"Tulimwambia ni ya mbao," dada alisema kwa sauti ya chini.

"Basi tuifanyie mbao." Akapapasa mwimo kwa kiganja. "Hapa nilipopiga teke pameshapasuka, hapashiki tena. Tupandishe. Huku juu mbao bado nzima."

Mikono yake ilitetemeka mpaka ilipogusa kazi, kisha ikatulia. Alipima kwa vidole, akatoboa matundu, akazamisha skrubu moja moja bila haraka. Nilimchukia kijana yule, lakini kazi yake niliipenda, na hilo liliniudhi zaidi.

"Fungeni kwa ndani," alisema, akatoka na drili mkononi. "Nijaribu."

Tukafunga. Alisukuma kwa bega, kisha akapiga teke, lile lile tulilolijua, mpaka kioo cha kabati kikatikisika. Komeo halikusogea.

"Mmeona?" alisema akiwa nje. "Hata mimi siingii."

Dada aliegemeza paji la uso mlangoni, akalia. "Mwanangu amerudi," aliniambia. "Umemsikia? Huyo ndiye mwanangu." Nami, Mungu anisamehe, nilimwamini. Alimwita aje ale. Akamwita tena kwa jina lake la utotoni.

Tulipofungua, sebule ilikuwa tupu. Drili haikuwepo, wala sanduku lake. Alichosahau ni chaja, bado imechomekwa ukutani, taa yake inawaka.

"Hiyo chaja naipasua," nilisema. Nyundo nilikuwa nayo bado.

"Thubutu." Dada aliichomoa, akaukunja waya wake vizuri kama anakunja nguo ya mtoto. "Drili bila chaja nani atainunua? Atairudia."

Aliiweka sakafuni, nje ya mlango wa chumba chake, pale ambapo mtu ataiona bila kulazimika kubisha hodi. Kisha akaingia ndani, na nikasikia komeo likifungwa.