Msaada Tulioula Bunju

Jumuiya yetu ya kanisa hapa Bunju iliamua kumsaidia Flaviana, mjane mwenye mapacha wadogo na binti wa darasa la saba, Lulu. Kila alfajiri Flaviana hufuata samaki Kunduchi, akawakaanga na kuwauza, kwa hiyo Lulu ndiye aliyebaki nyumbani kulea wadogo zake. Mwalimu alishasema: akiendelea kukosa masomo, mtihani wa mwisho ausahau.

Hayo tuliyajua wote. Kwa hiyo tukanunua mchele.

Mwenyekiti wetu, mzee Ferdinand, hakutaka tuonekane tunajitangaza njiani na mizigo. "Vitangulie," akasema. Nikavipeleka mie kwa pikipiki yangu: mchele, mafuta, sukari na kuku. Flaviana hakuwepo. Nikamwachia Lulu. "Mwambie mama ni vya jumuiya. Kesho tunakuja."

Sasa kwetu, jumuiya ikienda kusali kwa mtu asiye na uwezo, wenzake hutanguliza vyakula apike, asiaibike mbele ya wageni. Kila mtu anajua. Na siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka.

Tulipofika tulikuta mikeka imetandikwa na pilau linafuka. Lulu alishinda jikoni, shule hakwenda. Samaki nao hawakuuzwa.

"Karibuni," alisema Flaviana, jasho likimtoka. "Nimepika vyote."

Ferdinand akanitazama. Mie nikalitazama pilau. Kukataa kungekuwa matusi, halafu lilinukia mno. Tukala. Mwenyekiti akaomba kuongezewa. Mapacha wakaambulia ukoko.

Kisha mwenyekiti akasimama kuhutubia. "Flaviana mwanangu, kanisa halijakusahau. Sema, una shida gani nyingine?"

"Nashukuru, baba. Chakula nahangaika, napata. Mie nataka mtu wa kukaa na hawa watoto asubuhi tu, Lulu arudi shule."

Mtu mmoja akakohoa.

"Hilo tutaliombea," alisema Ferdinand.

"Mzee," nikamwambia, "msaada wake tumeumaliza. Tunamwachia maombi tu?"

"Marselino, adabu!"

"Adabu ninayo. Na nimeshiba."

Mama Margareta akaweka chini paja la kuku, akajifuta mikono. Wanawe walishahama, anakaa peke yake kutwa na tamthilia zake. "Waleteni kwangu Jumatatu," akasema. "Ila wasiniguse rimoti."

"Mama, lazima kamati ikae kwanza," alisema Ferdinand.

"Haya, kaeni."

Jumapili Ferdinand alitangaza kanisani kwamba jumuiya yetu imelisha familia yenye uhitaji. Tukapigiwa makofi. Mie nilipiga pia.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mwenyekiti getini kwa mama Margareta, anauliza watoto wameingiaje kabla kamati haijapitisha. Mama alikuwa na pacha mmoja mgongoni, mwingine anamnywesha uji.

"Basi wachukue wewe," akamwambia. "Uwalee mpaka mtakapopitisha."

Ferdinand akatazama saa, akakumbuka ana kikao mahali. Lulu alikuwa keshakata kona na sare yake, anakimbia awahi kengele.