Programu ya Kumungoja Pitchou

Mutumbwi uliomubeba Pitchou kwenda kuuza sabuni ku Kilwa, mji wa ng'ambo, ulipinduka katikati ya ziwa Mweru. Maiti za wenzake ziliokotwa. Ya kwake, hapana. Basi muke wake, Joëlle, akakataa kilio. Amulilie mutu ambaye pengine anakunywa chai ku Pweto? Thubutu! Kila jioni alimuwekea bukari, ugali wake, chini ya kifuniko, na kila jioni mama mukwe wake, Agnès, alimusihi wamulilie mutoto wake kama watu wengine. Joëlle anakataa, wanalala. Ndivyo walivyoishi katika kambi ya wakimbizi ya Mantapala, wao wawili.

Halafu Joëlle akaingia darasa la bure la kompyuta. Mwalimu Nkandu, Mubemba mwenye Kiswahili cha soko ya samaki, aliwafundisha kwamba mashine ile ni mutumishi asiye na akili: ukiiambia irudie kazi mpaka jambo fulani litokee, itarudia bila kuuliza. Akataka kila mutu alete mufano wa nyumbani kwake. Mwenzake mumoja aliandika: wakati maji hayajachemka, ongeza kuni. Joëlle, masikini ya Mungu, aliandika: wakati Pitchou hajarudi, weka chakula.

Akabonyeza. Weka chakula, weka chakula, weka chakula. Maneno yakajaa kioo, yakashuka na kushuka, hata mashine ikakwama. Darasa likacheka. Nkandu hakumujua Pitchou wala habari zake, alikuwa anasahihisha kosa tu. Alivuta kiti, akaonyesha kwa kidole.

"Ba Joëlle," akamuita kwa heshima ya Kibemba, "angalia humu ndani. Hakuna kitu hata kimoja kinachoweza kumurudisha. Itangoja mpaka umeme ukatike. Mwisho lazima uuandike wewe."

Joëlle alijifanya kutafuta kitambaa mufukoni. Pasta alisema, mashangazi walisema, yote yakapita sikio hili yakatokea lile, lakini haya ya Nkandu yaliingia. Alirudi nyumbani akilia njia nzima, watu wakimuangalia. Na wamuangalie!

Agnès alikuwa anasonga bukari. Kabla hajaanza kusihi kama kawaida yake, Joëlle alipiga magoti karibu na moto.

"Mama, tutandike mikeka inje. Tumulilie Pitchou."

Mwiko ulisimama. Mama yule alimuangalia kama mutu aliyeibiwa.

"Kila siku nilikuomba sababu nilijua utakataa," akasema. "Sasa nani atakataa?"