Nakala Tatu za Karani

Jumamosi, saa kumi na mbili unusu asubuhi, karani wa masjala alijibandika namba moja kifuani kwa pini nne, akajipigia filimbi, akajitosa kwenye bwawa la kuogelea la manispaa. Mashindano hayo aliyaandaa mwenyewe na mshindani alikuwa yeye mwenyewe: kuogelea mizunguko arobaini, baiskeli kilomita thelathini, kisha mbio kilomita kumi. Yalikuwa mazoezi tu. Mashindano yenyewe hasa, marefu mara tatu ya hayo, yangefanyika wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa, katika mji mwingine, na karani aliyataka kama mgonjwa anavyotaka kugeuzwa ubavu. Miaka mitatu mfululizo aliomba ruhusa ya kwenda. Miaka mitatu mfululizo bosi alimjibu kwa upole kwamba hakuna wa kumkaimia. Masjala ile zamani ilikuwa na makarani watatu. Sasa ilikuwa na yeye na meza mbili za vumbi.

Lakini karani ni karani hata akiwa amevaa chupi ya kuogelea. Hakuweza kuingia kwenye mashindano, hata ya kwake mwenyewe, bila fomu. Kwa hiyo jana yake, Ijumaa mchana, kazi ilipopoa, alichora fomu ya usajili, akaweka karatasi za kaboni katikati, akajaza nakala tatu kama alivyojaza kila kitu kwa miaka kumi na tisa, akagonga mhuri. Hapo ndipo alipoteleza.

Alipotoka majini akihema, alijikuta yuko tayari juu ya baiskeli. Yule wa kwenye baiskeli alikuwa mkavu, ana namba moja kifuani, kofia ameifunga barabara. Karani akamkagulia breki, akamwonya kuhusu kona ya sokoni, akakaa kwenye ngazi kula ndizi. Saa moja na dakika kumi baadaye mwendesha baiskeli akarudi, na kabla hajatua mguu, wa tatu alikuwa ameshafunga kamba za viatu na kuondoka. Huyu alikuwa amefifia kidogo, ana ubluu pembezoni, kama ilivyo kwa nakala ya tatu siku zote, ila magoti yake yalikuwa mazima kuliko ya wenzake.

Mlinzi wa bwawa, aliyekuwa akifagia majani, aliwakumbusha kwamba kabati la nguo ni moja kwa kila mtu. Wakamwambia wanalo moja. Akaendelea kufagia.

Karani alishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakuna aliyekata rufaa.

Nyumbani, mkewe aliwatazama wakipanga viatu mlangoni, akaongeza sahani mbili. Walipokwisha kula, akaweka kijiko chini.

“Nani kati yenu aliniahidi kutengeneza bomba la jikoni?”

Mwogeleaji akamtazama mwendesha baiskeli. Mwendesha baiskeli akamtazama mkimbiaji. Mkimbiaji akazidi kufifia.

“Waume watatu,” mke akasema, “na bomba bado linavuja. Haya. Mwenye maji masikioni atalala chumbani, ndiye niliyeolewa naye. Nyie wengine shemeji zangu, mtagawana kochi.”

Usiku ule karani hakupata usingizi kwa furaha. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mmoja aende mashindanoni, wawili wabaki kukaimu. Jumatatu asubuhi wakaingia ofisini wote watatu, wakapangusa zile meza mbili, na kufikia saa nne majalada yaliyolala tangu mwaka juzi yalikuwa yamepanda kabatini kwa mpangilio. Ndipo walipokwenda kwa bosi na barua ya ruhusa.

Bosi aliwapokea vizuri. Kwanza aliwataka wasaini kitabu cha mahudhurio, wote kwenye mstari mmoja, kwa kuwa nafasi iliyoidhinishwa ni moja. Aliagiza pia kikombe cha chai kibaki kimoja, wapokezane. Kisha akaisoma barua mara mbili, akavua miwani.

“Mwaka jana ulikuwa peke yako, ukaniambia masjala imekuelemea. Mimi, sikufichi, sikukuamini. Leo nimeona kwa macho yangu: kazi ile ni ya watu watatu. Sasa nikimtoa mmoja, si nitakuwa na upungufu?”

“Lakini bosi,” mwogeleaji akasema, “mwaka jana ulikuwa na mmoja tu.”

“Mwaka jana hapakuwa na upungufu,” bosi akasema. “Palikuwa na wewe.”

Wakarudi mezani. Mwendesha baiskeli akashauri wajikusanye upya wawe mmoja, maana mmoja angalau anaweza kuugua Ijumaa ile. Ila bosi alikuwa ameshawagonga mhuri wa kupokelewa, kila mmoja kwenye kiwiko, na karani alijua kanuni kuliko mtu yeyote katika jengo lile: waraka uliopokelewa hauharibiwi wala hauunganishwi kabla ya miaka saba.

Ijumaa ya mashindano ikafika. Saa moja asubuhi, wenzao wakijitosa majini huko mji mwingine, mwogeleaji alikuwa akipanga barua zilizoingia, mikono ikienda kwa zamu bila yeye kutaka. Mwendesha baiskeli alikanyaga hewa chini ya meza. Mkimbiaji alipeleka majalada ghorofa ya nne na kurudi, akajiandikia muda kwa penseli, ukawa muda mzuri sana.

Saa tano bosi akaja mwenyewe, akakalia pembe ya meza. Aliwapongeza. Akasema amesikia kuna mchezo mwingine wenye sehemu tano ndani yake, upanga, farasi, bunduki na vinginevyo. Akauliza kama karani amewahi kupanda farasi.

Karani akasema hajawahi.

“Jifunze,” bosi akasema. “Mtunza stoo anastaafu mwisho wa mwezi, na dereva naye hana raha. Ukitaka ruhusa ya mazoezi, hiyo nakupa hata leo. Ya mashindano ndiyo hatuwezi.”

Wote watatu wakasema ahsante, mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata ukubwa.