Mchicha Ulioongoza

Mpima mikojo wa hospitali, kijana mpole kupita kiasi, alikuwa ameposa, na jibu alilishika mama wa binti. Mama mwenyewe ndiye mpishi mkuu wa kantini ya hospitali hiyohiyo. Jamani, kuna watu wanajitafutia balaa kwa mikono yao!

Wiki hiyo kijana alikuwa akijaribu kifaa kipya. Ncha yake imepakwa kimeng'enya kinachovunja oksaleti, kitu kile kinachojenga mawe kwenye figo; ukiichovya kwenye mkojo au mchuzi, kioo kinatoa namba. Akazipima mboga zote za kantini. Mama akachungulia dirishani, akauliza nani kaongoza.

Mchicha wa mama ulikuwa umeziacha mboga nyingine mbali mno. Kijana akajibu kwamba ni wa mama mwenyewe.

Weee! Mama alitamba kantini nzima kwamba sayansi imesema. Kijana alipojaribu kufafanua, alipigwa begani na kuitwa mkwe. Mkwe! Akarudi kwenye kifaa chake. Wewe ungethubutu?

Mchana kijana akamkuta mama anafunika bakuli la mchicha. Lilikuwa la kaka yake, mjomba wa binti, aliyelazwa wodi ya wanaume kwa mawe ya figo. Kwa namba ile, mama alisema, leo leo atainuka kitandani.

Kijana akaomba aonje kidogo, akala, akala tena, mpaka bakuli likabaki jeupe. Mama alifurahi kweli, akashika upawa ampakulie kaka yake jingine.

Hapo maji yakamfika kijana shingoni. Akasema yote huku akitazama sakafu: namba kubwa ndiyo mbaya, mchicha ule utamwongezea mjomba mawe, na yeye alinyamaza kwa woga wa kumkosa binti.

Wapishi wengine wakajifanya wanaosha vijiko. Mama akauweka upawa chini, uso umemvimba kwa hasira.

"Kama ni mbaya hivyo, mbona umemaliza bakuli zima?"

"Mwanzoni nilikuwa namwokoa mjomba," kijana akasema. "Halafu nikanogewa, mama. Ni mtamu."

Uso wa mama ukalegea. Kisha akavuta kiti, akakaa, akauliza harusi wanaitaka mwezi gani.