Udongo Kwenye Meza ya Kompyuta

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mpima ardhi mmoja mstaafu alifuta meza ya kompyuta kwa kitambaa kikavu, akavaa miwani, akachomeka diski ya nje aliyoinunua asubuhi ile. Ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, na muuza duka alimhakikishia kwamba ingebeba kila kilichomo kwenye kompyuta ya nyumbani na nafasi ingebaki. Kompyuta yenyewe ilikuwa imeanza kukoroma, na haikuonekana kuwa na siku nyingi.

Diski ilipokea picha za harusi. Ikapokea barua za kazi za miaka thelathini. Ilipofika kwenye ramani ya kiwanja cha marehemu baba yake, ikasimama, na kwenye tundu la waya ukadondoka udongo, mweusi na wenye unyevu, kiasi cha kujaa kiganja. Mpima akaupangusa, akajaribu tena. Ukadondoka mwingine.

"Unamwaga nini huko?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Udongo."

"Usiukanyage ukanichafulia zulia."

Ramani ile aliichora mwenyewe, wiki ya tatu baada ya msiba. Watoto wa marehemu walikuwa wawili tu, yeye na dada yake mdogo, na kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu, dada alitia saini bila hata kuuliza. Mpaka ulitakiwa upite katikati. Mpima aliusogeza hatua nane upande wa dada, bustani yote ikahamia kwake, akajenga ukuta na vyumba viwili vya kupangisha. Ramani ya karatasi ililiwa na mchwa. Hii ya kwenye kompyuta ikipotea, ukuta hauna tena wa kuutetea. Hilo ndilo lililomnyima raha.

Jumatatu alirudi dukani. Muuza duka, mama mchangamfu mwenye kalamu sikioni, aliitikisa diski juu ya kaunta, punje mbili tatu za udongo zikaanguka.

"Uliweka ramani ya mpaka, mzee?"

"Niliweka."

"Basi ndiyo hiyo. Hizi za siku hizi zina roho nyepesi. Juzi fundi cherehani kaniletea yake, inatema vipande vya vitambaa vya wateja. Hebu jaribu hii kubwa kidogo."

Ile kubwa kidogo ilikuwa na kasi zaidi, na udongo nao ukaja kwa kasi. Mpima hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alijaribu Jumanne, akajaribu Jumatano, na Alhamisi akakuta nyungunyungu wawili wanajikokota kwenye herufi za kibodi. Mkewe aliuzoa udongo kila siku, akaurundika kwenye kona ya baraza, akasema mambo ya kompyuta yeye hayajui. Ya ukuta alikuwa anayajua vizuri sana. Ila vyumba viwili vile ndivyo vilivyoleta jokofu jipya nyumbani, kwa hiyo alifagia na kunyamaza.

Ijumaa muuza duka aliinama chini ya kaunta, akatoa diski ya tatu, nzito, ya toleo la zamani.

"Hii haina maneno. Inabeba chochote bila kuuliza. Lakini ukishaichukua sipokei tena, mzee."

"Sasa kwa nini hukunipa hii tangu mwanzo?"

"Nilikustahi."

Alasiri ile ramani iliingia kufumba na kufumbua, pasipo hata vumbi. Mpima akashusha pumzi ya wiki nzima. Alikuwa bado anaizungushia diski kitambaa, aifungie kabatini, aliposikia hodi barazani. Akatoka na mkewe; alikuwa dada yake.

"Wifi, huu udongo mnaupeleka wapi?"

"Hatujajua bado," mke wa Mpima alisema.

Dada aliinama, akachota kidogo, akaunusa.

"Umefanana na ule wa nyuma kwangu, kabla ya ukuta. Siku hizi mboga napanda kwenye makopo, na hata huo wa kwenye makopo nauomba kwa majirani."

Mke alimtazama mumewe. Mpima aliona aibu, aibu ya kweli, hadi masikio yakamwaka moto. Maneno yote yalimjia kooni, pamoja na idadi ya hatua. Akayameza.

"Chukua," alisema. "Chukua wote ukitaka."

Dada akaazima beseni la wifi yake, akalijaza mpaka pomoni, akajitwika.

"Asante sana, kaka. Mungu akuzidishie. Beseni nitalirudisha kesho asubuhi na mapema, mimi sipendi kukaa na kitu cha mtu."

"Usiwe na haraka," Mpima alisema, akatangulia kumfungulia geti.